TUPANGE MWANGA NYUMBANI



Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya mwanga ndani ya nyumba. Pengine utasema, "Mwanga ni kazi ya fundi. Mganga anaingiaje hapo?" Sikiliza kwanza kisa hiki.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Juni. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nipate cheti changu na kupangiwa zahanati moja huku Mbozi. Walifika baba na mama mmoja, na mtoto wao wa miaka 2 amebebwa mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa na kupumua kwa shida. Kinywa chake kilinuka mafuta ya taa.

Mchana ule, saa nane, mtoto aliokota chupa ya soda iliyokaa sakafuni kando ya ukuta. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Akanywa. Mama yake alifanya alichosikia kwa majirani. Alimpa maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Mtoto alipotapika, mafuta yaliingia kwenye mapafu. Hapo ndipo pumzi ilipoanza kubana. Usiku ule ule tulimpeleka hospitali ya wilaya. Alilazwa, akapona.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuwatembelea. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Nilitaka kuwaambia waache kibatari, wanunue taa ya jua. Nilipoingia ndani sikuona kitu. Ilikuwa saa tano asubuhi na nje jua linawaka, lakini ilinibidi nisimame mlangoni mpaka macho yangu yazoee. Kibatari kilikuwa kinawaka. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi.

Nikaanza kusema maneno yangu. Baba mwenye nyumba alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mganga, maneno yako ni mazuri. Lakini kahawa bado haijauzwa." Niliona haya. Nilikuwa nimeagiza dawa ya bei kubwa kabla ya kupima ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa giza la mchana. Kwa sababu nyumba ilikuwa na giza mchana, kibatari kiliwaka kutwa. Kwa sababu kibatari kiliwaka kutwa, chupa ya mafuta ilikaa karibu. Kwa sababu chupa ilikaa karibu, mtoto aliifikia.

Basi, somo letu la leo ni hili: mwanga wa nyumba hupangwa, na mpango mzuri huanza na mwanga usiouzwa dukani.

PIMA GIZA LA NYUMBA YAKO

Gazeti hili ulilonalo mkononi ni kipimo kizuri. Fanya hivi. Saa nne asubuhi, siku ya jua, ingia katika kila chumba. Funga mlango. Acha dirisha wazi kama unavyoliacha kila siku. Simama katikati ya chumba, shika gazeti, jaribu kusoma.

Kama unasoma bila taabu, chumba hicho kina mwanga wa kutosha. Kama unaona herufi kubwa tu, mwanga ni hafifu. Kama huoni hata herufi kubwa, chumba hicho ni cha giza.

Sasa chukua karatasi. Chora nyumba yako, vyumba vyote na jiko. Andika katika kila chumba: MWANGA, HAFIFU au GIZA. Kisha andika kazi inayofanyika pale: kulala, kupika, kusoma, kulea mtoto mchanga, kuhifadhi mahindi. Utaona mahali penye kazi kubwa lakini pasipo na mwanga. Hapo ndipo pa kuanzia.

KWA NINI MWANGA NI AFYA

Kwanza, mwanga hutuonyesha ugonjwa. Mtoto mchanga anaweza kupata manjano. Ngozi na macho yake huwa ya njano. Katika mwanga wa kibatari kila kitu huonekana cha njano, kwa hiyo mama hataona tofauti. Manjano yakizidi yanaweza kuharibu ubongo wa mtoto. Mama uliyejifungua, kila asubuhi msogeze mtoto dirishani. Mtazame macho, viganja na nyayo kwa mwanga wa mchana. Ukiona manjano siku ya kwanza ya kuzaliwa, mpeleke zahanati bila kuchelewa. Fanya vivyo hivyo ukiona viganja na nyayo ni vya njano, au mtoto akikataa kunyonya.

Pili, dirisha linaloingiza mwanga huingiza na hewa. Mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa, vijidudu hutoka na kubaki hewani. Katika chumba kisicho na dirisha hubaki muda mrefu, na wenzake huvivuta. Hewa inayopita huvitoa nje, na jua huviua.

Tatu, mwanga huzuia ajali. Gizani mtu hujikwaa, hukanyaga nyoka, humwagia mtoto uji wa moto. Gizani mtu hutoa dawa isiyo yake, au hupima vijiko vitatu badala ya kimoja.

Nne, nyumba yenye mwanga hupendeza. Uchafu huonekana ukafagiliwa. Wageni hukaa kwa furaha. Watoto hufungua madaftari bila kusukumwa.

DIRISHA NDIYO TAA YA KWANZA

Dirisha liwe na ukubwa gani? Kipimo kilichozoeleka ni kwamba eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Tuhesabu pamoja. Chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3. Sakafu yake ni mita za mraba 9. Sehemu moja ya kumi ya 9 ni 0.9. Basi dirisha la sentimita 90 kwa mita 1 linatosha. Tazama madirisha yako. Mengi yana ukubwa wa matofali mawili tu.

Dirisha likae upande gani? Hapa lazima tulijue jua letu. Mkoa wa Songwe uko kusini ya mstari wa ikweta. Mwezi wa Juni na Julai, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Hiyo ndiyo miezi ya baridi. Kwa hiyo, katika sehemu za baridi kama Mbozi na milima ya Ileje, dirisha la kaskazini ni zuri. Huingiza mwanga na joto wakati mnapouhitaji. Dirisha la mashariki nalo huleta jua la asubuhi. Huko bonde la Momba, kama Kamsamba, joto ni kali. Huko usiweke dirisha kubwa magharibi, maana jua la jioni litachoma chumba mtakacholala.

Wengi wataniambia mambo mawili: baridi na wezi. Yote mawili ni ya kweli.

Juu ya baridi: dirisha liwe na mlango wake wa mbao unaofungwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Gunia na tofali haviwezi kufunguliwa kila siku, kwa hiyo giza hubaki mwaka mzima. Kama una uwezo, weka kioo. Kioo huzuia upepo na hupitisha mwanga. Lakini kioo kisichofunguka hakileti hewa, kwa hiyo sehemu moja ya dirisha ifunguke.

Juu ya wezi: weka nondo, au weka dirisha juu ukutani, karibu na linta. Dirisha la juu hupeleka mwanga mbali zaidi ndani ya chumba kuliko dirisha la chini. Tena mtu wa nje hachungulii.

Usisahau wavu wa mbu dirishani. Ufute vumbi mara kwa mara, maana wavu mchafu hula mwanga. Tena, kata matawi yanayoziba dirisha, na usirundike magunia ya mahindi mbele yake.

KUTA NYEUPE HUONGEZA MWANGA

Ukuta wa udongo mweusi kwa moshi humeza mwanga. Ukuta mweupe huurudisha chumbani. Chumba kile kile, dirisha lile lile, likipakwa chokaa ndani huonekana kama limepanuliwa.

Anza kwa kusugua masizi. Kisha paka chokaa, au udongo mweupe kama unapatikana kwenu. Paka hasa ukuta unaotazamana na dirisha, na upande wa ndani wa tundu la dirisha. Sehemu ya chini, kimo cha goti, unaweza kupaka udongo mwekundu ili uchafu wa miguu usionekane upesi. Mstari mwekundu chini na nyeupe juu hupendeza sana.

Angalizo: chokaa huunguza. Unapoichanganya, usiinamie ndoo, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha jicho hapo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda wa dakika 20 au zaidi, kisha nenda zahanati. Usingoje kesho.

CHUPA YA MAJI KWENYE BATI

Kuna chumba cha katikati ambacho hakina ukuta wa nje. Dirisha utaliweka wapi? Kama paa ni la bati, mwanga unaweza kutoka juu. Njia moja ni kubadili bati moja na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga.

Njia nyingine ilianza mbali, nchini Brazil. Mwaka 2002 fundi makenika aitwaye Alfredo Moser aliijaribu, wakati umeme ulipokuwa unakatika. Alichukua chupa nyeupe ya plastiki ya lita 2. Akaijaza maji safi. Akatia vifuniko viwili vya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili maji yasiote ukijani. Akatoboa bati, akaipachika chupa, sehemu juu ya bati na sehemu ndani ya chumba. Akaziba pembeni kwa gundi isiyopitisha maji. Jua likipiga chupa, maji hutawanya mwanga chumba kizima. Jua likiwa kali, chupa moja hutoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60. Njia hii imefika nchi nyingi za watu wa kipato kidogo.

Chupa hiyo haiwaki usiku, na haifai kwa paa la nyasi. Mwachie fundi wa bati aifanye, maana ikizibwa vibaya mvua itaingia.

TAA YA USIKU

Sasa jua limetua. Tuchague taa.

Kibatari. Wengine huita koroboi. Ni rahisi kununua, lakini tuhesabu gharama zake. Moto wake uko wazi. Moshi wake ni mweusi. Ukilala chumba chenye kibatari, asubuhi penga kamasi uone rangi yake. Masizi hayo yameingia kifuani pia. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya hewa ya ndani ya nyumba, likashauri kaya ziachane na mafuta ya taa. Pamoja na moshi, kuna moto na sumu.

Tena kuna hatari ya petroli. Tunduma ni mji wa mpakani, na malori ya mafuta hupita kwenda Zambia. Petroli huuzwa pia kwenye chupa kwa ajili ya pikipiki. Petroli ikichanganyika na mafuta ya taa, kibatari kinaweza kulipuka. Usinunue mafuta ya taa kwa mtu usiyemjua, wala kwenye chombo kilichobeba petroli.

Chemli. Kama bado huna njia nyingine, chemli yenye kioo kizima ni afadhali kuliko kibatari. Moto wake umezungukwa. Kata utambi uwe sawa, futa kioo kila siku, punguza utambi ukiona moshi. Itundike kwenye msumari imara. Jaza mafuta mchana, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Mafuta yakae kwenye kidumu chenye mfuniko mgumu, mahali pa juu panapofungwa. Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Wewe unayejua kuandika, andika juu ya kidumu: SUMU. MAFUTA YA TAA.

Mshumaa. Hauna harufu mbaya, lakini ni moto wazi. Usiuweke karibu na chandarua, pazia au nyasi za paa. Chandarua hushika moto upesi.

Tochi ya betri. Haina moshi. Betri zilizokufa usizitupe motoni wala wasichezee watoto.

Taa ya jua. Ukinunua mara moja, hununui mafuta tena. Kibao chake kielekee kaskazini, kiinamishwe kidogo ili mvua iteremke, na kisifunikwe na kivuli cha mti. Kifutwe vumbi. Katika maduka ya Tunduma utaona taa za kila aina. Watu husema rahisi ni ghali. Tafuta yenye alama ya TBS na dhamana ya maandishi. Iwashe mbele ya muuzaji. Mwombe risiti.

Umeme. Kama umefika kijijini kwenu, tumia balbu za LED. Tuhesabu. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, hula uniti 9. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia huo. Kwa saa hizo hizo hula uniti 1.35, yaani haifiki uniti moja na nusu. Nyaya ziwekwe na fundi mwenye leseni. Usivute waya kutoka kwa jirani. Waya uliochubuka huua.

TAA IKAE WAPI

Taa nzuri ikiwekwa pabaya ni hasara. Kumbuka kanuni hii: mwanga hupungua upesi sana unapokwenda mbali. Ukisogeza taa ndogo kutoka hatua 2 hadi hatua 1 kutoka kwenye kitabu, mwanga unaofika hapo huongezeka mara nne. Kwa hiyo taa moja ndogo iliyo karibu na kazi ni bora kuliko taa kubwa iliyo mbali.

Mahali pa kusoma. Meza iwe chini ya taa, taa iwe juu kuliko macho. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike maneno. Anayeandika kwa kushoto apate kutoka kulia. Watoto wote wakae meza moja, taa moja iwatoshe.

Jikoni. Taa isiwe nyuma ya mpishi, maana atapika ndani ya kivuli chake. Iwe mbele yake au pembeni, juu ya kimo cha mtoto. Mama aone chungu, aone na mtoto anayetambaa.

Sebuleni. Taa moja katikati hutosha. Kama ni balbu ya LED, unaweza kuitengenezea kivuli kwa kikapu kidogo kilichofumwa wazi. Mwanga utapita kwenye matundu na kuchora ukuta. Haitakuumiza macho, na wageni wataisifu. Lakini usifunike hivyo kibatari, mshumaa wala balbu ya zamani. Hivyo ni vya moto. Mwanga wa njano hufaa sebuleni na chumbani. Mwanga mweupe hufaa jikoni na mezani pa kusomea.

Chumba cha kulala. Swichi au tochi iwe karibu na kitanda. Mama mwenye mtoto mchanga awe na taa ndogo isiyo ya moto.

Njia ya chooni. Hapa wengi husahau. Wazee, watoto na akina mama wajawazito huamka usiku. Weka tochi mlangoni, mahali pamoja pa siku zote, na fyeka nyasi za njiani.

AJALI IKITOKEA

Mtoto akinywa mafuta ya taa: usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Beba na chupa yenyewe. Pumzi inaweza kubana baada ya saa kadhaa.

Mtu akishika moto: asikimbie. Alale chini abingirike, au mfunike kwa blanketi zito.

Akiungua: mwagia sehemu ile maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Kisha nenda zahanati.

Mafuta yakiwaka sakafuni: usimwagie maji, moto utatawanyika. Tumia mchanga au blanketi lililolowa.

NENO KWA WASOMAJI WAZIMA

Kusoma kwenye mwanga hafifu hakuharibu macho, lakini huyachosha. Ila kuna jambo jingine. Mtu akifika miaka 40 au zaidi, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Wapo wazee wangu walioacha kisomo wakidhani wamesahau herufi. Hawakusahau. Walihitaji mwanga wa kutosha na miwani ya kusomea. Kama unasogeza gazeti mbali ndipo uone, nenda ukapimwe macho.

TURUDI KWENYE NYUMBA ILE

Siku ile hatukununua kitu. Baba aliondoa gunia. Mimi nilishika upande mmoja, yeye akatumia shoka kupanua tundu, mkewe akachota udongo wa kusiliba. Jirani alileta mbao mbili tukatengeneza mlango wa dirisha. Wiki ya pili walipaka chokaa. Kibatari kikazimwa mchana. Mafuta yaliyokuwa yanakwisha kwa wiki moja yakaanza kukaa zaidi. Fedha zilizobaki waliziweka kwenye kikopo. Kahawa ilipouzwa, wakaongezea, wakanunua taa ndogo ya jua.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Chupa ya soda haikuwepo sakafuni. Mtoto wetu alikuwa ameketi chini ya dirisha, anachora kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta mweupe. Mama yake alikuwa anamgombeza. Mimi nilicheka.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kwa mikono yao. Hawakungoja mpaka wawe matajiri. Na sisi tufanye hivyo kwa giza la nyumba zetu.

MPANGO WA KAYA

1. Wiki ya kwanza: pima giza kwa gazeti. Chora nyumba. Ondoa gunia na magunia dirishani. Hamisha mafuta ya taa kwenye kidumu, weka juu na ufunge. Kazi hizi hazina gharama kubwa.

2. Mwezi wa kwanza: panua dirisha la chumba chenye kazi nyingi. Paka kuta.

3. Baada ya mavuno: nunua taa moja nzuri isiyo na moto. Anza na chumba cha mtoto mchanga au meza ya kusomea.

4. Mwaka ujao: ongeza chumba kimoja kimoja.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika nyumba yako, ni chumba gani kina giza mchana? Sababu yake ni nini?

2. Kwa nini hatumtapishi mtoto aliyekunywa mafuta ya taa?

3. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Dirisha lisipungue ukubwa gani?

4. Kwa nini mtoto mchanga atazamwe kwa mwanga wa mchana?

5. Kikundi chenu kinaweza kusaidia nyumba ya nani mwezi huu? Mzee anayeishi peke yake? Mama aliyejifungua? Amueni siku, mwende na jembe, udongo na chokaa.

Ukimaliza kusoma, usilifungie sukari gazeti hili. Msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha ingieni wote nyumbani kwake, mfunge mlango, mpime.

Ni mimi kijana wenu,
Mganga wa zahanati, Mbozi.